Mwamba uko mbele ya hoteli, kwa nini mgeni apelekwe Kisite?

Msimu wa wageni unapokolea, kila asubuhi magari ya kampuni za utalii hupita hapa kwetu Msambweni yakielekea kusini. Yametoka Diani mapema, kabla chai ya hotelini haijapoa. Yanapita Gazi, yanapita Msambweni na Ramisi, yakifika Kanana yanakata kushoto kwenda Shimoni. Huko wageni hupanda boti, wakapita mkondo ulio kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, wakapelekwa Kisite kuogelea na kutazama samaki. Jioni hurudi wamechomwa na jua na wamefurahi. Kesho yake wanapita wengine.

Nina swali la kitoto kidogo. Diani kuna mwamba wa matumbawe mbele ya hoteli zao. Si mbali, maji yakitoka vizuri, watu huuendea kwa miguu. Sasa mtu aliyelipa fedha nyingi ili alale kando ya bahari atolewe kitandani alfajiri, akae ndani ya gari zaidi ya saa moja, ili akaone samaki wa kwingine, kwa nini?

Jibu fupi ni kwamba Kisite haivuliwi na Diani inavuliwa. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike. Ndani yake mna habari za watu wa Kwale waliopoteza sehemu ya bahari na wengine waliokataa kuipoteza, na mna hatima ya biashara ya bahari ambayo sasa kila mkutano tunaambiwa ndiyo itakayotubeba, hasa baada ya Base Titanium kumaliza kuchimba madini hapa Kwale mwishoni mwa 2024.

Tuanze na mchanga, maana ndio unaouzwa. Diani imetajwa mara kadhaa katika tuzo za World Travel Awards kuwa ufuo unaoongoza Afrika, na picha inayotumwa duniani ni ya mchanga ule mweupe. Mchanga huo haukuletwa na mto. Mto huleta udongo na matope. Nenda karibu na mdomo wa Ramisi uone rangi yake. Mchanga wa Diani, Galu na Kinondo ni mabaki ya viumbe vya baharini: matumbawe yaliyosagika, makombe yaliyovunjika, na mimea ya baharini yenye chokaa ndani yake. Mmoja wa wasagaji wakubwa ni pono. Samaki huyu ana meno yaliyoshikana kama mdomo wa kasuku. Huuguguna mwamba ili apate majani madogo yaliyoota juu yake, na ile chokaa isiyomfaa tumboni huitoa nyuma ikiwa mchanga. Kwa hivyo mgeni aliyejinyoosha pale Diani akipigwa picha amelala juu ya kazi ya pono ya miaka mingi. (Ukitaka kumweleza, subiri amalize kula.)

Mwamba pia ni ukuta. Kusi inapovuma, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi makubwa yanavunjikia kule nje na ndani ya mwamba maji yanabaki ya kuogeleka. Mwamba ukifa na kumomonyoka, mawimbi yanasogea karibu na kuanza kuchukua mchanga. Mwenye hoteli akiona bustani yake inaliwa hujenga ukuta wa mawe. Ukuta huo huokoa bustani yake na kuusukuma mgogoro kwa jirani, naye hujenga wake.

Kinachoshikilia mambo yote hayo ni kiumbe kidogo kuliko ukucha. Tumbawe ni mnyama anayejijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya mwili wake hukaa vijimea vidogo sana vinavyompa chakula kutokana na mwanga wa jua. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa vile vijimea, likageuka jeupe, na hali ikiendelea likafa kwa njaa. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño kali, matumbawe mengi sana ya pwani yetu yalikufa hivyo. Hata Kisite iliguswa. Hakuna askari wa hifadhi anayeweza kuzuia joto.

Ila baada ya joto kupita, mwamba mmoja hupona na mwingine ukabaki kifusi, na hapo ndipo habari ya samaki inapoingia. Watafiti wameilinganisha miamba yetu kwa miaka mingi, miongoni mwao Tim McClanahan wa shirika la Wildlife Conservation Society, aliyefanya kazi pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980. Waliweka upande mmoja sehemu zinazolindwa kama Kisite, na upande wa pili sehemu zinazovuliwa kama Diani. Walichokiona kinaanza na kikande.

Mvuvi yeyote wa Kwale anamjua kikande. Ana ngozi ngumu, ana mwiba mgongoni anaousimamisha akijificha kwenye pango, na ana meno ya kuvunja vitu. Anapenda kula wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaochoma watu miguuni. Bahati yake mbaya ni kwamba ni mwepesi kuingia kwenye malema na mwepesi wa kushika ndoana. Akivuliwa akaisha, wale wa miiba hawana wa kuwapunguza, wanazaana. Nao chakula chao ni majani yaliyo juu ya mwamba, na wanapokula wanakwangua na mwamba wenyewe. Wakizidi, mwamba unalika kuliko unavyojengwa, na tumbawe changa halipati pa kushika. Wakishatawala wanaweza kukaa miaka na miaka, kwa sababu kikande mwenyewe huchukua muda mrefu kurudi. Kwenye miamba inayovuliwa sana walikutwa wadudu hao kwa wingi usiolinganishwa na ule wa ndani ya hifadhi.

Basi mgeni wa Diani akivaa miwani na kuingia majini mbele ya hoteli yake, ataona samaki, siwezi kusema hataona. Ataona wadogo wadogo, nyasi za bahari, na miiba mingi. Kisite ataona makundi ya changu yasiyomkimbia, pono wakubwa wanaotafuna hadi mlio wake unausikia chini ya maji, kasa wakila nyasi bila wasiwasi. Ndicho anachopelekwa kukiona.

Kisite ilianza kulindwa mwaka 1973, na mipaka yake ikapangwa upya 1978. Tangu hapo kuna sehemu mbili chini ya mamlaka moja. Ya kwanza ni Kisite yenyewe, kilomita mraba 28, ambamo hairuhusiwi kuvua kabisa. Ya pili ni Mpunguti, kilomita mraba 11, ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Ndani yake mna visiwa vya Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini vyenye msitu, mna kisiwa kidogo cha Kisite ambako ndege wa baharini huzaa, na mna Liwe la Jahazi. Kwa sisi wa bara dogo hilo jina ni Jiwe la Jahazi, lakini bahari ile ni ya Wavumba na jina wamelitia kwa lugha yao.

Nalitaja jina hilo kwa makusudi. Kilomita 28 zile hazikuwa tupu zilipochorwa kwenye ramani. Zilikuwa mashamba ya watu wa Wasini, Mkwiro na Shimoni, na kila jabali lilikuwa na jina lake na msimu wake. Nimewahi kukaa na wazee Mkwiro wakinitajia majina hayo moja baada ya jingine kama mtu anayetaja mitaa ya mji aliohama. Waliofaidika haraka ni wale waliokuwa na boti ya kubebea wageni au ndugu wa kuwaingiza kwenye kazi hiyo. Mwenye ngalawa na malema yake sita alisogezwa tu.

Ni kweli kwamba kuna samaki wanaotoka hifadhini. Samaki wakizidi ndani hutawanyika nje, na mayai hayajui mpaka. Mvuvi mwerevu anajua thamani ya kutega ukingoni. Lakini faida hiyo huja polepole, nayo njaa ya nyumbani haisubiri.

Sasa turudi Diani. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale. Kwenye karatasi ilikuwa kubwa kuliko Kisite na Mpunguti zikijumlishwa. Wavuvi waliikataa. Hifadhi hiyo haikuwahi kufanya kazi, na hadi leo ukiuliza watu wa ufuoni mpaka wake uko wapi watakutazama tu.

Ni rahisi kwa mtu wa mbali kusema wavuvi wa Diani hawakuelewa elimu ya mazingira. Mimi naona walielewa vizuri mno. Walikuwa wameshaona mambo mawili. La kwanza ni lile la Kisite niliyolieleza. La pili ni lililotokea nchi kavu. Kuanzia miaka ya 1970 viwanja vya kando ya bahari pale Diani vimegeuka hoteli na nyumba za watu binafsi, kimoja baada ya kingine, na njia za kushukia ufuoni zikawa chache na nyembamba. Madiko ya wavuvi yakabanwa katikati ya kuta. Mtu aliyekwishanyimwa njia ya kwenda baharini, ukamjia kumwambia kwamba na bahari yenyewe sasa ina mpaka, atakujibu nini?

Hapa kuna jambo la sheria ambalo kila mkazi wa Kwale angepaswa kulijua kama anavyojua namba yake ya kitambulisho. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Hakuna hoteli yenye ufuo wake, hata iwe na nyota ngapi. Kuna hoteli yenye kiwanja kinachopakana na ufuo wetu. Wakati mmoja nilikuwa natembea na wanangu pale Diani, mlinzi wa hoteli moja akatuambia tupite mbali na vitanda vya wageni, na vitanda vyenyewe vilikuwa vimewekwa chini kabisa, mahali ambapo mchanga ulikuwa bado umelowa. Mchanga uliolowa na maji ya bahari asubuhi ile ni wa umma. Sikugombana naye, alikuwa kijana wa kwetu anayetafuta riziki.

Ila angalia sheria inakoishia. Inakupa mchanga, haikupi kichochoro cha kuufikia. Kichochoro kinapita kati ya kiwanja na kiwanja, na kikizibwa kwa lango au kwa ukuta, haki yako ya katiba inakuwa ya mtu mwenye boti. Kwa maoni yangu, serikali ya kaunti ingefanya jambo moja tu la maana kuhusu utalii, basi lingekuwa kupima, kufungua na kuwekea vibao njia zote za kushukia ufuoni kutoka Tiwi hadi Kinondo, kabla ya kuzungumza na wavuvi habari ya hifadhi yoyote.

Tena kuna jambo jingine ambalo hoteli hazipendi kuulizwa. Hoteli ingependa pono awe hai saa tatu asubuhi, wageni wanapoogelea, na awe sahanini saa mbili usiku. Jikoni wanaagiza changu, pweza, kamba na kaa, na wanaolileta agizo ni wavuvi wale wale wanaolaumiwa kumaliza mwamba. Mvuvi huuza kwa tajiri anayemkopesha nyavu, tajiri huuza hotelini, na wale wadogo wadogo waliobaki huchukuliwa na mama karanga kwa ajili ya majirani. Mwisho wa mwezi hoteli haina gharama yoyote kwenye vitabu vyake inayoitwa mwamba.

Si lazima iwe hivyo. Vuka mpaka uende Zanzibar, kusini kidogo ya mji, kuna kisiwa kidogo kinachoitwa Chumbe. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa upande wa magharibi wa kisiwa hicho kuwa mahali pasipovuliwa, na usimamizi wake ukapewa kampuni ya Chumbe Island Coral Park. Pale kuna nyumba saba tu za wageni. Zinakusanya maji ya mvua kutoka kwenye paa, zinatumia umeme wa jua, na vyoo vyake havimwagi kitu baharini. Bei yake si ya mtu kama mimi. Lakini fedha za wageni ndizo zinazolipa walinzi wa mwamba, na walinzi hao walianza kwa kuchukuliwa kutoka kwa wavuvi wa maeneo hayo. Wanafunzi wa shule za Zanzibar wanapelekwa kuogelea na kusomeshwa juu ya mwamba wenyewe. Anasa imekubali kulipa kodi ya kitu inachokiuza. Mwamba wa Chumbe ni mdogo sana, na sidhani mtindo wa kampuni moja kupewa bahari ungefaa Diani, ambako wavuvi ni wengi na hoteli ni nyingi. Ninachotaka kukionyesha ni hesabu tu: gharama ya mwamba inaweza kuandikwa kwenye risiti ya chumba.

Upande wetu kuna njia nyingine iliyozaliwa na wavuvi wenyewe. Kule Kuruwitu, Kilifi, katikati ya miaka ya 2000, watu wa kijiji walikubaliana kufunga kipande chao cha bahari kisivuliwe, na samaki wakaanza kurudi. Jina la vipande hivyo sasa ni tengefu. Tofauti yake na hifadhi ya serikali ni nani anayechora mpaka. Kwa tengefu, mpaka unachorwa na kundi la usimamizi wa ufuo, BMU, watu wanaojua jabali lipi samaki huzalia na lipi likifungwa litamuua njaa mzee fulani. Hapa Kwale, watu wa Wasini na Mkwiro nao wameingia katika kazi hiyo, na mbali na kufunga sehemu za bahari wamekuwa wakipanda vipande vya matumbawe palipoharibika. Mtu aliyepanda tumbawe kwa mkono wake hahitaji kuhubiriwa asilitupie nanga.

Nije kwenye visiwa vyenyewe, maana najua msomaji wa Nairobi ameingia hapa akitafuta pa kwenda Desemba.

Cha anasa kilicho karibu zaidi na Diani ni Chale, kusini ya Kinondo. Mvuto wake mkubwa hauko kwenye vyumba, uko kwenye njia ya kuingilia. Maji yakijaa unavushwa kwa boti. Maji yakitoka, unavushwa kwa trekta. Wageni hulipenda trekta hilo kupita kiasi, na mimi nawaelewa, kwa sababu ni mahali pachache ambapo bahari bado inaamua mtu tajiri afike saa ngapi. Jambo ambalo matangazo hulitaja kwa ufupi ni kwamba Chale ni mahali patakatifu pa Wadigo. Hoteli ilipoingia kisiwani miaka ya 1990, wazee hawakuifurahia. Ukitaka kuelewa kwa nini, usianzie kisiwani. Anzia Kaya Kinondo, hapo bara, msitu ambao wazee wenyewe waliufungulia wageni mwaka 2001 kwa masharti yao. Unafungwa shuka jeusi kiunoni, unaongozwa na mtu wa hapo, na kuna miti na mapango ambayo utaambiwa uyaache kama yalivyo. Kaya hiyo ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Ukitoka huko ndipo uvuke kwenda Chale ukanywe juisi yako, ukiwa unajua umekaa wapi.

Funzi ni ya watu wanaotaka kimya. Unavukia Bodo, baada ya Msambweni, mikoko kila upande. Wasini nitairudia.

Kabla ya tarehe yoyote, tazama mwezi. Wageni wengi huangalia bei ya ndege ya kwenda Ukunda, wengine wakakata tiketi ya treni hadi Miritini na kupita barabara mpya ya Dongo Kundu ili wasione feri ya Likoni, wakapanga kila kitu isipokuwa bahari. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti yake inakaribia mita nne. Siku hizo za bamvua pwani yetu maji hutoka kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na kujaa tena mwendo wa saa kumi jioni. Maana yake Diani asubuhi hutaogelea, utatembea. Na Kisite utakuta fungu la mchanga limejitokeza katikati ya bahari, lile la kwenye picha. Siku zinazofuata kila kitu kinachelewa kama dakika 50 kwa siku. Ikifika robo ya mwezi ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu, na hapo Diani asubuhi ni ya kuogelea. Mvuvi yeyote atakuambia haya bure ukimsalimu vizuri.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo yenye maji ya kuona mbali. Kusi ina upepo, na wale wa kuruka na tiara wanaipenda, lakini nje ya mkondo wa Wasini bahari inakuwa nzito na nahodha akisema leo hatuendi Kisite usimbembeleze. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye joto, na ukiwa na bahati utawaona wakivuta pumzi. Pomboo wao wapo mwaka mzima.

Kuhusu pomboo, naomba jambo. Boti tano zikilizunguka kundi moja huku kila nahodha anataka mgeni wake apate picha, wale wanyama hawapumziki na akina mama hawanyonyeshi. Nahodha hufanya hivyo kwa sababu ya bakshishi. Ukimwambia mapema kwamba utampa bakshishi yake hata mkikaa mbali na injini ikiwa chini, atakaa mbali. Nimelijaribu hili, linafaa kuliko vibao vyote. Majini nako, usisimame juu ya tumbawe hata kama umechoka, elea. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi. Makombe ya kununua yaache, hata ukiambiwa yameokotwa.

Sasa fedha. Ada ya kuingia Kisite inakwenda Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ambalo ni la serikali kuu. Nauli ya gari na sehemu kubwa ya bei ya safari inabaki kwa kampuni iliyokuuzia Diani. Ukinunua kifurushi cha hoteli ambacho kila kitu kimelipiwa kabla, ukala na kunywa mle mle, unaweza kukaa Kwale siku saba na shilingi yako isigusane na mkono wa mtu wa Kwale isipokuwa mshahara wa mhudumu. Sisemi ni dhambi. Nasema ndivyo mashine ilivyoundwa, na kama unataka kuiunda vingine kuna mahali pa kutia mkono.

Shimoni, kabla ya boti au baada yake, kuna mapango ambayo watu walifungiwa wakisubiri kuuzwa ng'ambo. Yanasimamiwa na wanakijiji na kiingilio kinabaki kijijini. Gazi, ukirudi, kuna njia ya mbao ya akina mama inayopita ndani ya mikoko. Mikoko hiyo ndiyo ya mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013: hekta 117 zinazolindwa, na hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti inauzwa kwa watu wa nje, fedha zikaleta maji na vitabu vya shule. Kibuyuni akina mama wanalima mwani na wanatengeneza sabuni yake.

Na Wasini. Kisiwa hicho hakina magari, hakina mto, na kwa miaka mingi maji ya kunywa yalikuwa ya mvua au ya kuvushwa kwa mitungi kutoka Shimoni. Wageni wengi hushuka, wakala kaa na wali wa nazi, wakarudi kwenye boti. Ukimaliza kula, mwambie nahodha akusubiri nusu saa. Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari juu ya nchi kavu, mawe ya kijivu yamesimama kama watu, na bamvua ikija maji huingia kati yake. Akina mama wa Wasini wamejenga njia ya mbao juu yake hadi kwenye mikoko. Tiketi inakatwa hapo hapo mlangoni, na anayekukatia ndiye atakayekutembeza.